Bi Sekunde na Kapasita Mbili za Meza Namba Nne

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi kamili alasiri, Bi Sekunde anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu kwa miaka thelathini na minne na miezi minne. Hilo neno "kamili" ni lake mwenyewe. Ratiba ya hafla iliyotoka ofisini ilisema "saa kumi au karibu na hapo", naye akairudisha maneno manne ya mwisho yakiwa yamekatwa kwa wino mwekundu.

Ofisi iliomba wasifu huu uwe mfupi, wa kuchangamsha, na usichokonoe mambo ya zamani. Bwana Taratibu, ambaye ndiye Afisa Utawala wetu, alifika hadi kutupendekezea maneno: mchapakazi, mwadilifu, mfano wa kuigwa. Maneno hayohayo yalitumika kumuaga yule mlinzi aliyekuwa akilala getini, na dereva aliyegonga geti hilohilo mara tatu. Bi Sekunde ana umri wa kutosha kukitambua kilemba cha ukoka hata kabla hakijafika kichwani. Mwandishi aliahidi ufupi na uchangamfu. Hilo la kutochokonoa alisema atajaribu, na amejaribu tangu Jumatatu hadi Jumanne.

Aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na mmoja, akakalishwa kwenye chumba cha kuzungushia nyaya za transfoma. Alizungusha kwa miaka sita. Wenzake walihesabu mizunguko kwa mashine. Yeye alihesabu kwa mdomo, na mashine ilipotofautiana naye, ni mashine iliyoitiwa fundi. Mwaka wa saba akahamishiwa Meza Namba Nne, meza ya ukaguzi wa mwisho, ile iliyo chini ya dirisha lenye kioo kilichopasuka pembeni. Hapo alikaa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo hakuna bodi ya umeme iliyotoka nje ya kiwanda bila kupita mikononi mwake.

Jina la Bi Sekunde alipewa kwa sababu ya daftari la mahudhurio. Katika miaka yote hii amechelewa mara moja tu, dakika nne, na kwenye safu ya sababu aliandika: "Nimeolewa jana." Mumewe, fundi cherehani ambaye leo ameketi mstari wa mbele na suti aliyoishona mwenyewe, huwaambia watu kwamba tangu siku hiyo hajawahi kusamehewa dakika zile nne. Nyumbani kwao, anasema, chai haichemki kabla ya wakati wake.

Sasa tufike kwenye Meza Namba Nne, kwa kuwa wageni wataona jambo na kuuliza. Kiwandani kwetu kuna desturi. Mtu akistaafu na faili lake likiwa safi, meza aliyofanyia kazi hupigiliwa kibao kidogo cha shaba chenye jina lake, pale ukingoni ambapo mkono wa kushoto hukaa. Meza za mafundi wa zamani zina vibao viwili, vitatu. Kijana akipewa meza, kitu cha kwanza anachofanya ni kusoma nani walimtangulia. Hatuna medali hapa, na saa za ukutani tunazogawa kwenye hafla huwa hazifiki mwaka wa pili. Kibao ndicho kitu pekee ambacho mtu hukitamani kweli.

Bi Sekunde hakuwekwa kwenye orodha ya vibao. Faili lake lina barua ya onyo. Tena miaka yake tisa ya mwisho ameifanyia chumba cha kufungashia, na chumba cha kufungashia hakina meza. Watu hufunga maboksi wakiwa wamesimama. Bwana Taratibu aliliweka suala hilo vizuri sana kwenye kikao: hakuna meza, hakuna faili safi, basi hakuna pa kupigilia. Aliridhika na sentensi hiyo hadi akairudia.

Barua ile ilitokea hivi. Miaka kumi iliyopita kiwanda kilianza kutengeneza visanduku vya kengele za shule, vile vinavyopiga kengele vyenyewe kwa saa zilizopangwa. Meneja alivitangaza kama mwisho wa zama za mwanafunzi kukimbia na nyundo kugonga kipande cha reli. Mchoro ulichorwa na mhandisi mpya, kijana aliyetoka chuo akiwa na maksi nzuri, na kalamu nne kwenye mfuko wa shati: nyeusi, bluu, nyekundu, na ya nne ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikiandika. Karakana ilimwita Kalamu Nne kabla ya chai ya saa nne ya siku yake ya kwanza.

Kwa ajili ya ndugu na jamaa waliohudhuria na ambao si watu wa solda, kazi yenyewe ni rahisi kuielewa, na hapo ndipo aibu ilipo. Ndani ya kisanduku kuna chipu, ile maikrokontrola, ambayo haijui wakati kabisa. Inajua kuhesabu. Kinachoipa cha kuhesabu ni kristali, kipande chembamba cha jiwe la kwatzi kilichofungiwa ndani ya kikopo cha chuma kidogo kama punje ya mchele. Kristali hiyo hutetemeka mara elfu thelathini na mbili, mia saba sitini na nane kwa sekunde. Chipu ikishafika idadi hiyo inasema haya, sekunde moja imepita, na kuanza upya.

Lakini kristali haifanyi kazi peke yake. Ina miguu miwili, na kila mguu huwekewa kapasita ndogo, kijighala cha chaji ya umeme, ambayo upande wake wa pili unakwenda kwenye hasi. Kapasita hizo mbili ndizo mzigo wa kristali. Waliotengeneza kristali waliipima ikiwa na mzigo maalumu, na mzigo huo wakauandika kwenye karatasi yake kwa kipimo kiitwacho pikofaradi: kumi na mbili na nusu. Ikibebeshwa huo, inakwenda sawasawa. Ikizidishiwa, inajikokota. Ikipunjwa, inakimbia.

Kalamu Nne alisoma "kumi na mbili na nusu", akachagua kapasita mbili za kumi na mbili kila moja, akapiga mstari chini ya kazi yake na kwenda kunywa chai. Angeuliza, hata mzungusha nyaya angemwambia. Kapasita mbili zilizokaa namna ile, moja kwa kila mguu, kristali huzihisi kama zimefuatana, na mbili zinazolingana zikifuatana huwa nusu ya moja. Kumi na mbili na kumi na mbili ikawa sita. Nyaya za shaba za bodi na miguu ya chipu huongeza kidogo bila kuombwa, kama tatu hivi, ikawa tisa. Kristali iliyozoeshwa kumi na mbili na nusu ikabebeshwa tisa, ikafurahi, ikakimbia. Karibu sekunde nne kwa siku. Dakika mbili kwa mwezi. Mwaka wa shule ukielekea ukingoni, kengele ilikuwa imetangulia mbele ya saa ya dunia kwa zaidi ya robo saa.

Malalamiko hayakuja upesi, maana kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Kengele ya kwenda nyumbani ilipopiga mapema, walimu walikunja vitabu na wanafunzi wakakunja miguu ya suruali wakatimua mbio, na hakuna aliyeandika barua. Aliyeandika alikuwa mpishi. Barua yake ipo hadi leo: "Watoto wananijia na sahani maharage bado magumu. Saa yangu ya jikoni inasema robo saa bado. Mwalimu Mkuu anasema kengele yenu ni ya kisasa. Naomba mniambie nani mwongo hapa, mimi, kengele, au maharage."

Ofisi ilicheka, ikaibandika barua kwenye ubao wa matangazo ili na wengine wacheke. Bi Sekunde aliisoma, akaibandua, akaenda nayo mezani. Alisema mpishi hana sababu ya kusema uongo kuhusu maharage. Na aliona kitu ambacho wacheshi wa ofisini hawakukiona: kengele inayowahi mchana inawahi na asubuhi pia. Kuna watoto wanafika kwa wakati na kuandikwa wachelewaji. Shule tatu zilipothibitisha kwamba ndivyo ilivyo, na kwamba watoto hao walikuwa wakifagia uwanja kila siku kwa kosa la kisanduku chetu, wazazi wakaja juu, na kicheko cha ofisi kikakauka.

Ikaundwa kamati. Kamati zetu huundwa haraka kunapotafutwa wa kubebeshwa lawama. Kalamu Nne alileta kipimo cha mitetemo, akagusisha sindano yake kwenye mguu wa kristali mbele ya wajumbe wote, na namba ikasoma vizuri, ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mchoro hauna kosa, wakasema, kwa hiyo kosa limo kwenye mikono. Ikaamuliwa kwamba mabaki ya solda hayakusafishwa vizuri mezani pa ukaguzi, na kwamba uchafu huo ndio unaoisumbua kristali. Hakuna mjumbe aliyeuona uchafu huo. Si lazima uonekane, walielezwa.

Bi Sekunde aliomba kusema. Alisema: "Mkiigusa inatulia, mkiondoa mkono inakimbia. Ni kama mtoto mbele ya mgeni. Ipimeni bila kuigusa." Huo ndio ulikuwa ukweli wote wa kisayansi uliotamkwa chumbani siku ile. Sindano ya kipimo nayo ni kapasita. Inapogusa mguu wa kristali inaongeza mzigo, na kristali iliyokuwa imepunjwa inashiba kiasi cha kujionyesha nzima. Wajumbe walikuwa wakipima kristali pamoja na kipimo chao, wakajipongeza kwa majibu. Bwana Taratibu, aliyekuwa katibu, aliandika kwenye kumbukumbu: "Mfanyakazi alizungumzia watoto."

Akapewa barua ya onyo kwa uzembe. Akaondolewa Meza Namba Nne, akapelekwa kufungasha.

Watu wengi hapo wangenuna hadi kustaafu, na wangekuwa na haki. Yeye alibeba visanduku viwili kutoka kwenye rafu ya vilivyorudishwa, kimoja akakiacha kilivyo, cha pili akang'oa kapasita zake na kuweka za kumi na nane. Akavitundika ukutani pa chumba cha kufungashia, juu ya kopo la gundi. Hakuvigusa tena. Kila mchana redio ilipopiga mlio wa saa saba kabla ya taarifa ya habari, aliinua macho na kuandika nyuma ya lebo ya boksi kila kimoja kinasema nini. Miezi mitatu, bila kuruka siku ya kazi. Mwishoni kile cha kumi na mbili kilikuwa mbele kwa karibu dakika sita. Kile cha kumi na nane kilikuwa mbele kwa nusu dakika. Wafungashaji wenzake, ambao mpaka hapo walidhani mama amepungukiwa, wakaanza kurekebishia saa zao za mkononi kwenye kisanduku cha kulia.

Alizifunga lebo zile kwa uzi na kumpelekea Kalamu Nne. Alimweleza pole pole, kama mtu anayemwonyesha mwanawe jinsi ya kutunga uzi kwenye sindano: nusu ya kumi na nane ni tisa, ongeza tatu za bodi, ni kumi na mbili, ndiyo hiyo. Kalamu Nne alizitazama lebo kwa pembe ya jicho, akamjibu, "Mama, hesabu tuachie wenyewe."

Kisha, wiki sita baadaye, mchoro mpya ukatoka. Kapasita za kumi na mbili zimefutwa, za kumi na nane zimeandikwa, na kwenye fomu ya mabadiliko, safu ya sababu, kuna maneno matatu: "Maboresho ya kawaida." Mtu aliyekuwa na kalamu nne mfukoni alishindwa kupata wino wa kuandika jina la mwanamke mmoja. Visanduku vyote vilivyotoka baada ya hapo vimekwenda barabara. Meneja alimpandisha Kalamu Nne cheo mwaka uleule, akawa Mkuu wa Usanifu, na kwenye hafla yake alihutubia kwa dakika ishirini kuhusu usahihi. Debe tupu haliachi kuvuma, na siku hiyo lilipewa kipaza sauti.

Barua ya onyo ilibaki kwenye faili. Hakuna aliyeigusa, kama kristali.

Miaka tisa ya chumba cha kufungashia si miaka ya kuhurumiwa, hilo tuliweke wazi. Vifaa vilivyovunjika njiani vilipungua hadi karibu kwisha tangu aanze yeye kupanga maboksi. Wafungashaji sita waliopita mikononi mwake leo ni wakaguzi, na mmoja ndiye anayekaa Meza Namba Nne. Kila mmoja wao alifundishwa lile somo la visanduku viwili, ambavyo bado vimetundikwa ukutani, kile cha kushoto sasa kikiwa mbele ya dunia kwa zaidi ya saa tatu na nusu. Wageni wakiuliza, wafungashaji huwaambia kile ndicho saa ya ofisi.

Katika miaka yote hiyo tisa, Kalamu Nne amepita mlango wa chumba hicho kila asubuhi akielekea ofisini kwake. Kila asubuhi amesema shikamoo, na kila asubuhi Bi Sekunde ameitika marahaba, bila kuongeza neno. Angetukana ingekuwa nafuu. Angeuliza kuhusu barua ingekuwa nafuu zaidi. Aliitika tu, kwa sauti ya mtu asiyekudai kitu, na Kalamu Nne akaendelea na safari yake ya hatua arobaini hadi kwenye kiti cha kuzunguka.

Msomaji makini atakuwa amejiuliza mwandishi wa wasifu huu amejuaje idadi ya hatua. Ninazijua kwa sababu nimezitembea. Kalamu nne zipo mfukoni mwangu ninapoandika haya, na kwa mara ya kwanza nimetumia ile ya nne.

Wasifu uliosomwa na ofisi kabla ya kwenda kuchapwa ulikuwa mfupi zaidi, wenye maneno ya mchapakazi na mfano wa kuigwa, na Bwana Taratibu aliupenda. Nampa pole. Mimi ndiye niliyeweka kapasita zile. Mimi ndiye niliyeshika sindano ya kipimo mbele ya kamati, na siku ile, naapa, nilikuwa sijui. Lakini siku nilipozisoma zile lebo nilijua. Nilijua kabla mama huyu hajamaliza kusema nusu ya kumi na nane ni tisa. Ule wa kwanza ulikuwa ujinga, na mjinga hufundishika. Kilichofuata hakina jina zuri, na nimekila kama mshahara wa pili kwa miaka tisa.

Basi, kwa taarifa ya wote waliopo. Jana asubuhi nimepeleka kwa Meneja maelezo ya maandishi, pamoja na lebo za maboksi, ambazo sikuzitupa. Niliziweka kwenye droo, chini kabisa, na droo hiyo nimekuwa nikiifungua kwa kisingizio cha kutafuta rula. Barua ya onyo imetolewa kwenye faili la Bi Sekunde. Nimeinakili neno kwa neno, uzembe ukabaki uzembe, nikabadilisha jina, na sasa imo kwenye faili langu. Fomu ya mabadiliko ya mchoro nayo imesahihishwa. Kwenye safu ya sababu panasomeka: "Kosa la mhandisi, lililogunduliwa na kuthibitishwa na Mkaguzi wa Meza Namba Nne." Nami siku yangu ikifika nitaondoka bila kibao, na ndivyo inavyostahili.

Suala la pa kupigilia nalo limekwisha. Leo saa moja asubuhi nimekipigilia kibao Meza Namba Nne mwenyewe, misumari minne, mmoja umepinda kidogo kwa kuwa nyundo si kalamu. Kipo ukingoni, pale mkono wake wa kushoto ulipofifisha rangi ya mbao. Anayetaka kukitoa aje na koleo na maelezo.

Mama, samahani hii nimekuomba mbele za watu kwa sababu nilikukosea mbele za watu. Hulazimiki kunijibu, na Jumatatu nitapita mlango ule nikijua hakuna wa kuitika.

Kiwanda kizima, kuanzia karakana hadi chumba cha kufungashia, kinakushukuru. Fundi cherehani, shemeji yetu, tunakurudishia mke wako akiwa amekamilika. Zile dakika nne tafadhali mzimalize nyumbani. Nenda salama, Bi Sekunde. Tunakuombea siku nyingi, na kila siku uipate na sekunde zake zote, elfu themanini na sita na mia nne, pasiwe na mtu wa kukuibia hata nne.